Kumsomea mtoto kwa sauti: ni kitu gani, na kinatofautianaje na kumsomesha

Kumsomea mtoto kwa sauti ni pale mzazi, bibi au dada mkubwa anapokaa na mtoto, kitabu kikiwa wazi mbele yao, akasoma kilichoandikwa huku mtoto akitazama picha, akisikiliza, akikatiza na kuuliza. Likiwa desturi ya nyumba, jambo hili huwa na wakati wake unaojulikana. Kwa familia nyingi za Unguja na Pemba wakati mwepesi ni baada ya isha, watoto wakisharudi kutoka chuoni, yaani madrasa, na kula. Dakika 10 au 15 zinatosha, mradi siku zisipite patupu.

Wazee wengi wakisikia haya husema, "Mbona sisi tunasomesha?" Kweli tunasomesha, tena sana. Chuoni mwalimu husoma aya, watoto wakafuatiza, mpaka juzuu ya Amma ikae moyoni. Hiyo ni kazi tukufu, na inamjengea mtoto kumbukumbu na sikio la kutambua kila herufi inapotoka. Skuli mtoto hufundishwa ba, be, bi, bo, bu, kisha maneno, kisha sentensi. Katika kazi zote mbili mtoto anadaiwa kitu: ahifadhi, atamke sawa, ajibu. Anaposomewa hadithi nyumbani hadaiwi chochote. Mzazi anayefunga kitabu na kuanza kumtahini mtoto, "Haya, herufi gani hii?", ameshatoka kwenye kusomea na kurudi kwenye kusomesha, na mtoto huligundua hilo mara moja.

Kusimulia ndiko ndugu wa karibu zaidi wa kusomea, na hapa visiwani tuna mtaji mkubwa. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, kikiwemo kisa cha kima aliyemponyoka papa kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha mtini. Mabibi wanakisimulia mpaka leo. Tazama namna hadithi zetu zinavyoanza. Msimuliaji anaita "Paukwa!", na hawezi kuendelea mpaka ajibiwe "Pakawa!" Msikilizaji ana zamu yake tangu neno la kwanza. Anaitikia, anaimba kiitikio, anauliza sungura alifanyaje.

Hiyo zamu ya msikilizaji ndiyo iliyokuja kuthibitishwa na watafiti. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, huko Marekani, waliwachukua wazazi wa watoto wa kiasi cha miaka miwili, wakawaelekeza nusu yao kuacha kusoma moja kwa moja: waulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, wayaendeleze majibu ya mtoto, wamwachie aseme. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa wazazi hao walikuwa wamewapita wenzao kwa mbali katika uwezo wa kujieleza, ingawa makundi yote mawili yalikuwa yakisomewa. Mtoto akisema "mbwa!", mzazi anajibu, "Ndiyo, mbwa mweusi, anamkimbilia nani?" Mzazi aliyekulia kwenye Paukwa hahitaji kufundishwa hilo. Anahitaji kulihamishia kwenye kitabu.

Sasa, ikiwa hadithi za mdomo tunazo, kitabu cha nini? Kwa sababu lugha ya kitabu si lugha ya jikoni wala ya baraza. Kutwa mtoto husikia njoo ule, vaa viatu, nani kakupiga, mwite baba. Kitabuni atakutana na "akaduwaa", "licha ya mvua", "hatimaye", na sentensi ndefu inayobeba sababu na matokeo yake kwa pamoja. Watafiti Donald Hayes na Margaret Ahrens walipima jambo hili kwa Kiingereza, nao mwaka huohuo wa 1988: vitabu vya watoto vilikuwa na maneno adimu karibu 31 katika kila maneno 1000, ilhali mazungumzo ya watu wazima waliosoma chuo kikuu yalikuwa nayo 17 tu. Hesabu ya Kiswahili itakuwa na sura yake, lakini mzazi yeyote akilinganisha ukurasa mmoja wa hadithi na maneno aliyomwambia mwanawe tangu asubuhi ataiona tofauti.

Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa ziada. Maandishi yetu yanasomeka kama yanavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka karibu chochote. Ndiyo maana hutokea mtoto wa darasa la pili akasoma ukurasa mzima bila kukwama, nyumba nzima ikafurahi, kisha akiulizwa nani kafanya nini akanyamaza. Hakudanganya. Ametamka maneno ambayo hajawahi kuyasikia yakiishi katika kinywa cha mtu. Aliyesomewa tangu mdogo huyafikia maneno hayo akiwa anayafahamu, na kazi yake ni kuyatambua tu yalivyoandikwa.

Kuna na suala la lahaja, ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kiunguja hicho ni cha mjini. Mtoto wa Makunduchi, Tumbatu au Micheweni anaanza skuli akiwa na Kiswahili kilichokamilika cha kwao, halafu anakuta vitabu vimeandikwa kwa kingine. Mama akimsomea sentensi kwa sanifu, kisha akamfafanulia kwa lahaja ya kwao, mtoto anazipata zote mbili kutoka kwa mtu anayemwamini, na haoni haya kwa hata moja. Mwalimu mwenye watoto tele darasani hawezi kumfanyia hivyo mmoja mmoja.

Kuanza hakungoji mtoto ajue kusema. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2014 kinawashauri wazazi waanze angali mchanga. Mtoto wa miezi sita atakitafuna kitabu, na si neno. Akitaka kisa kilekile kila usiku, msomee; kurudia ndiko kunakoyafanya maneno yakae, na siku atakapokusahihisha uliporuka mstari, ujue yameingia. Kama mama au bibi hakubahatika kusoma, dada wa darasa la sita asome na bibi aulize maswali. Huko nako ni kusomea, na dada mwenyewe anafaidika. Baba anayekwenda dago, kambi ya wavuvi, na kurudi baada ya siku kadhaa anaweza kuwa na kitabu chake maalumu, ambacho hakisomwi mpaka arudi. Msimu wa karafuu Pemba ratiba za nyumba huvurugika. Basi visomwe visa vifupi, lakini visomwe.

Vitabu ni shida ya kweli, na nisingependa mzazi alaumiwe kwa hilo. Mjini kuna maktaba kuu Maisara, na ya Pemba iko Chake Chake. Mwenye simu anaweza kupata bure hadithi za picha za Kiswahili za mradi wa African Storybook, ulioanza 2014. Simu hapo ni ya kusomea tu, mzazi akiishika mwenyewe. Sauti iliyorekodiwa haimngojei mtoto aulize, kwa hiyo haishiki nafasi ya mtu.

Kosa ninaloliona sana ni kuacha mara mtoto anapojua kusoma mwenyewe. Wakati huo anaweza kuelewa kwa kusikia hadithi ngumu kuliko anazomudu kusoma, na pengo hilo huendelea miaka kadhaa. Msomee vitabu vilivyo juu ya uwezo wake, naye akusomee vya kiwango chake, mkipokezana kurasa. Na wanaohofia Kiingereza, kwa kuwa sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zifundishwe kwa lugha hiyo kuanzia darasa la tano, wasome kwa Kiswahili bila wasiwasi. Mtoto aliyezoea kufuata kisa, kutabiri kitakachotokea na kuuliza kwa nini, anauhamishia uwezo huo kwenye lugha ya pili. Mzazi anayebabaika na Kiingereza akilazimisha kukisomea, maswali yatakauka, na maswali ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote.