Unapopatana bei na mashine, pupa yako ina gharama

Malalamiko tunayoletewa kuhusu maduka ya mtandaoni yanayomruhusu mnunuzi kutaja bei yake yana wimbo mmoja: "Mfumo ulikataa elfu nane yangu, kesho yake mwenzangu akauziwa kwa elfu nane hiyo hiyo." Wengi hukata shauri kwamba wameibiwa. Mara nyingi hawakuibiwa. Kwenye soko la mtandaoni la eBay, kwa mfano, muuzaji anaweza kuweka mapema viwango viwili vya bei: ofa ikifikia kimoja inakubaliwa papo hapo, ikiwa chini ya kingine inakataliwa papo hapo. Akivishusha kesho, mwenzako kapata. Hakuna aliyekudharau.

Anayekuponza zaidi ni hofu yako mwenyewe. Katika hesabu ya mapatano aliyoitoa mwanahisabati John Nash mwaka 1950, kadiri mtu anavyoogopa mapatano kuvunjika ndivyo fungu lake linavyopungua. Mwaka 1996 Maabara ya Media ya chuo cha teknolojia cha MIT huko Marekani ilionyesha Kasbah, soko la majaribio ambamo mnunuzi alimkabidhi wakala wa kompyuta, yaani programu ya kumpatania, bei anayoitaka, bei yake ya mwisho na siku ya kufunga, kisha akamchagulia tabia. Wakala mwenye wasiwasi alipandisha bei kwa hatua sawa tangu mwanzo. Mbahili alikaa chini karibu hadi siku ya mwisho ndipo akaruka. Huyo huweza kuokoa pesa, na huweza pia kurudi mikono mitupu. Yupi bora? Inategemea unanunua nini. Anayetaka friji ya kuhifadhia insulini asijaribu ubahili.

Kwa hiyo bei yako ya mwisho iamue kabla ya kufungua programu, na usiuambie mfumo "naihitaji leo".

Sasa sheria, kwa walio Kenya. Duka kukataa bei yako si kosa. Tumelisema hili mara nyingi. Ila kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinahusu uamuzi uliofanywa na mitambo peke yake, ukiwemo wa kuchambua mwenendo wako, iwapo una athari za kisheria au unakuathiri kwa uzito. Si kila tofauti ya bei itafika hapo, na ipo misamaha, kama vile ridhaa uliyoitoa mwenyewe. Uamuzi ukifika hapo, duka linapaswa kukuarifu kwa maandishi, nawe unaweza kuomba uamuzi mpya usiotegemea mitambo pekee. Usiporidhika, unalalamika kwa Kamishna wa Data, kwa mdomo au maandishi. Ya mdomo yataandikwa. Uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala anayoweza kutoza haizidi shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Ndogo, si kubwa kama mnavyoambiana.

Ukituletea lalamiko, njoo na picha za skrini zinazoonyesha tarehe, saa na kila ofa uliyotuma. "Nimeonewa" peke yake hatuwezi kuifungulia faili.