Kadi ya kijani kwa wataalamu: EB-1A, NIW au mwajiri?

Wataalamu wa Afrika Mashariki walioko Marekani hutuuliza sana njia ipi ya kadi ya kijani ni rahisi: EB-1A (ya walio kileleni mwa fani zao), NIW (ya kuondolewa sharti la mwajiri kwa maslahi ya taifa) au ya kuombewa na mwajiri. Nasi kabla ya kujibu huuliza mawili: ulizaliwa wapi, na nani atakuombea?

La kuzaliwa wengi hulipuuza. Sheria ya 1990 ilitenga takriban visa 140,000 za ajira kwa mwaka, wenza na watoto wakihesabiwa humo humo, na kwa kawaida hakuna nchi moja inayopewa zaidi ya asilimia 7. Pasipoti haiangaliwi hapa. Mzaliwa wa Mumbai mwenye uraia wa Kenya husimama kwenye foleni ya India, ambayo kwa daraja la EB-2 (la wataalamu wenye shahada za juu) ni ya miaka mingi mno, isipokuwa mwenza wake amezaliwa nchi nyingine na watumie foleni ya huko. Mzaliwa wa Mwanza au Bukavu yumo kwenye foleni ya jumla, iliyo fupi zaidi.

Sasa mwombaji. EB-2 ya kawaida humtegemea mwajiri: atangaze kazi, aithibitishie Wizara ya Kazi kwamba hakupatikana Mmarekani mwenye sifa aliye tayari kuifanya, ndipo awasilishe fomu I-140, yaani ombi lenyewe kwa idara ya uhamiaji. Uthibitisho huo huitwa PERM. Gharama zake, pamoja na za wakili wa mwajiri, ni za mwajiri kisheria. Bosi anayekukata mshahara ili azilipe anavunja kanuni. Na ukiachishwa kazi PERM ikiwa bado njiani, mwajiri mpya ataanza moja.

EB-1A na NIW unajiombea mwenyewe, na hapa ndipo watu huchanganya mambo. EB-1A hupima uliyokwisha kuyafanya. Kuna vigezo 10, kama vile tuzo, makala za kitaalamu, kutathmini kazi za wenzako na mshahara wa juu, nawe utimize angalau 3. Kutimiza vitatu si kufaulu, maana baada ya hapo afisa hutazama ushahidi wote kwa pamoja na kujiuliza kama kweli umo miongoni mwa wachache walio kileleni mwa fani.

NIW hutazama mbele. Kwanza uwe na sifa za EB-2, mathalani shahada ya uzamili, au ya kwanza pamoja na uzoefu wa miaka 5 baada yake. Kisha, kwa mujibu wa uamuzi wa rufaa ya uhamiaji uitwao Dhanasar wa Desemba 2016, uonyeshe kwamba kazi unayokusudia ina thamani na umuhimu wa kitaifa, kwamba una uwezo wa kuisukuma, na kwamba Marekani itanufaika ikikuondolea sharti la mwajiri. Kuandika tu kwamba nchi ina upungufu wa wahandisi hakutoshi. Eleza mradi wako, si fani yako.

Mtafiti wa chuo kikuu aulize pia kuhusu EB-1B, ambayo kwa maoni yangu husahaulika bure. Chuo ndicho huomba, lakini bila PERM. Kinachotakiwa ni uzoefu wa miaka 3 na vigezo 2 kati ya 6.

Hakuna kinachokuzuia kuwasilisha EB-1A na NIW kwa pamoja. Ombi likikubaliwa, nafasi yako kwenye foleni kwa kawaida hukufuata hata ukihamia daraja jingine.

Aliyekuja kwa visa ya J-1 (ya programu za kubadilishana), wakiwemo wanafunzi wa ufadhili wa Fulbright, akague kama ana sharti la kurejea nyumbani miaka 2. NIW hailiondoi sharti hilo. Na aliye nje ya Marekani ajue kwamba I-140 iliyokubaliwa si visa: tangazo la rais la Juni 2025, kwa mfano, liliwawekea Warundi vizuizi vya kuingia, zikiwemo visa za uhamiaji. Kwa hiyo hali ya nchi yako iangalie kabla hujamlipa wakili.