Foklifti ghalani: dhana potofu na ukweli

"Foklifti ya tani 2.5 inabeba chochote kisichozidi tani 2.5."
Hii ndiyo hatari kuliko zote. Paleti ya mifuko 40 ya saruji ya kilo 50, kama zinazosubiri meli ya Kalemie au Bujumbura pale Kigoma, ni tani 2 kamili. Ikipangwa vizuri, kitovu cha uzito kinakaa milimita 500 hivi kutoka mgongo wa meno (vyuma viwili vya mbele vinavyoingia chini ya mzigo), na hicho ndicho kipimo ambacho tani 2.5 hupigiwa. Leta mzigo mrefu wenye kitovu cha milimita 700: uwezo unashuka hadi takriban tani 2, na hupungua zaidi mlingoti (nguzo inayopandisha meno) ukipanda juu. Soma bamba la mashine linaloonyesha uwezo wake. Kumkalisha kuli nyuma ili akandamize si dawa. Ekseli ya mbele na breki ni zilezile, na yeye ndiye wa kwanza kurushwa.

"Ikianza kupinduka, ruka."
Usiruke! Mashine hiyo yenyewe ina karibu tani 4, na anayeruka huangukiwa na paa la chuma lililowekwa kumkinga. Mkanda uwe umefungwa tangu mwanzo. Shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, egemea upande usioanguka.

"Bila mzigo haipinduki."
Inasimama kwa pointi tatu: magurudumu mawili ya mbele na egemeo la katikati ya ekseli ya nyuma. Kona kali kwa mwendo, meno yakiwa juu, inatosha kuilaza. Tembea na meno sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni. Kwenye mteremko, mzigo ukae upande wa juu, hata kama ni kushuka kinyumenyume.

"Nyuma yake ni salama."
Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayokata kona, kwa hiyo dereva akipinda kushoto, mkia unafagia kulia. Aliyesimama kati ya mkia na nguzo hubanwa kiuno au nyonga, na mara nyingi dereva hajamwona. Subiri hadi akuone, asimame, na meno yaguse sakafu.

"Ukiumia kwa uzembe wako, fidia hakuna."
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, haumnyimi mtu fidia kwa kosa la kawaida la kazini. Toa taarifa kwa mwajiri mara moja, na uhakikishe imeandikwa.