"Gitaa ya kesi" ni ipi hasa?

Jumapili iliyopita nilisimama soko la Kibuye hapa Kisumu mahali jamaa mmoja alikuwa ametandaza vitu vyake kwa turubai, redio, pasi, spika za gari, na katikati yake gitaa ya umeme nyekundu iliyofifia, nikauliza bei akaniambia 60,000. Nikamuuliza kwa nini yote hiyo. "Jaduong', hii ni gitaa ya kesi, Gibson walishtaki hao Wajapani juu walikuwa wanawashinda kutengeneza." Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi huu nasikia hilo neno. Kwanza lilitoka kwa mpiga solo wa kwaya fulani hapa Kondele, halafu kijana mmoja wa Nakuru aliyenitumia picha kwa simu, na sasa huyu, na wote watatu gitaa zao hazijawahi kukaribia kesi yoyote. Wacha tulinyooshe basi.

Gitaa ya kesi ni jina lililotoka Marekani, wanaliita hivyo zile kopi za gitaa za umeme zilizotengenezwa Japani miaka ya 70, zilizofanana na zile za Gibson ama Fender, kampuni mbili kubwa za gitaa za Marekani, hadi ukiwa mbali na jukwaa huwezi tofautisha. Maana ni hiyo tu. Shida iko kwa hilo neno kesi, juu watu wanalisikia wanafikiria viwanda vyote vya Japani vilipangwa kizimbani.

Kesi ilikuwa moja. Mwaka wa 1977 kampuni ya Norlin, ambayo wakati huo ndiyo ilimiliki Gibson, ilienda korti ya Philadelphia ikashtaki kampuni inaitwa Elger. Elger ndio walikuwa wanauza gitaa za Ibanez kule Marekani, na Ibanez ni jina la biashara la Hoshino Gakki ya Nagoya, watu ambao zamani walikuwa wanaagiza gitaa kutoka Uhispania kwa fundi aliyeitwa Salvador Ibáñez, jina likabaki nao. Sasa hoja kubwa ya hiyo kesi, na hapa ndio nataka mtu asome polepole, ilikuwa ni kichwa. Kichwa cha gitaa, pale juu kabisa mahali nyuzi zinakaziwa. Kichwa cha Gibson kiko na mkato juu yake unafanana na kitabu kimefunguliwa katikati, na Gibson wanahesabu hiyo shepu kuwa alama yao ya biashara vile mtu mwingine anahesabu nembo yake. Hawakuenda kortini kulalamika ati mbao ya Mjapani ni nzuri kushinda yao ama sauti yake ni tamu zaidi. Walilalamikia shepu ya kichwa.

Na hata hiyo shepu, Ibanez walikuwa wameshaanza kuiacha kabla kesi ifunguliwe. Hii unaweza kujionea mwenyewe bila kuuliza mtu. Ibanez kuanzia mwisho wa 1975 walianza kuandika namba inayoanza na herufi, na hiyo herufi ni mwezi, A ni Januari mpaka L ambayo ni Desemba, halafu tarakimu mbili za mwaka. Kwa hivyo namba ikianza F77 hiyo ilitoka Juni 1977, na Juni 1977 ndio mwezi kesi ilifunguliwa, na ukiangalia juu utakuta kichwa tayari ni kingine, sio kile cha kitabu. Mwaka wa 1978 wakapatana nje ya korti, hakuna jaji aliyekaa akasema huyu ameshinda huyu ameshindwa. Kwa hivyo gitaa yenye haki kabisa ya hilo jina ni Ibanez ya kabla ya mabadiliko, yenye kichwa cha Gibson, na hata hiyo ilikuwa imeshatoka kiwandani kesi haijaanza.

Sasa mtu ananiletea Tokai, jina lingine la Japani, ananiambia hii ni ya kesi. Tokai walianza kutoa kopi yao ya Les Paul, ile gitaa maarufu ya Gibson, mwaka wa 1978, kesi ikiwa inaisha, sasa iliingia saa ngapi? Mwingine ana Aria. Mwingine ana Greco, nayo pia ni ya Japani. Mwingine ana kopi ya Fender, na Fender hawakuwa kwa hiyo kesi hata kidogo, wao baadaye walichukua njia tofauti kabisa, mwaka wa 1982 wakaanzisha Fender Japan pamoja na Yamano Gakki na Kanda Shokai, na hao Kanda Shokai ndio wenye jina la Greco, yaani watu waliokuwa wanauza kopi wakafanywa washirika. Kazi ya kutengeneza ikapewa FujiGen ya mji wa Matsumoto, ambao ni walewale waliokuwa wanatengeneza Ibanez. Mimi hiyo historia inanifurahisha kushinda ile ya korti, lakini haina utamu wa kuuzia mtu gitaa 60,000.

Kuna hili lingine linaniuma zaidi, kwamba ikiwa ni ya kesi basi lazima ni nzuri. Zilitofautiana sana. Mji huohuo wa Matsumoto kulikuwa na kiwanda cha Matsumoku, na hao kabla ya gitaa walikuwa maseremala wa kutengeneza meza na makasha ya cherehani za Singer, watu wa mbao kabisa, na walitoa gitaa za Aria zingine safi sana. Lakini pia kulikuwa na kopi za bei ya chini zilizopelekwa kila kona ya dunia, na nyingi ambazo nimeshika huku kwetu ni za aina hiyo. Baba mdogo wangu aliniachia moja, alikuwa anapiga rithimu kwa bendi hapa Kisumu, na nilipoifungua kuirekebisha ndio nilijua nina nini. Les Paul ya Gibson shingo yake imeunganishwa na gundi, hii yangu imefungwa na skrubu nne na nyuma kuna bamba la chuma limeandikwa Steel Adjustable Neck na Made in Japan, na hilo bamba lilikuwa kwa gitaa za majina mengi kwa hivyo linakupa nchi, halikupi kiwanda. Ukigonga uso wake na kidole inalia kama debe, kwa sababu huo uso ni plaiwudi imekandamizwa ikapinda na chini yake kuna nafasi tupu. Pikapu, hizi sumaku zinazoshika sauti ya nyuzi, kwa nje zinaonekana zile za koili mbili kama za Gibson, ukitoa kifuniko unakuta koili moja nyembamba ndani.

Na bado naipenda. Kwa benga hiyo koili moja inatoa sauti kali, inakata, solo inasikika hadi nyuma ya ukumbi, na shingo iliyofungwa na skrubu ni rahisi kutoa ukarekebisha mteremko wake na kipande cha kadi. Nilichofanya ni kidogo. Volyumu, hizi za kuzungusha kupandisha na kushusha sauti, zilikuwa zimekauka na kutu ya hewa ya ziwa, mbili zikaamka na dawa ya kusafisha, moja ikakataa, na fundi wengine wangechukua drili wapanue tundu ndio volyumu za Kimarekani ziingie, kwa sababu shingo ya volyumu hizo, ile sehemu inayopita kwa tundu, ni nene kushinda ya za Kijapani. Usikubali hiyo. Nilienda kwa fundi wa redio akanitafutia ya shingo nyembamba ya kilo-omu 500 kama iliyotoka, akachomea risasi upya kwa waya zilizolegea, tukamaliza. Freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala kwa shingo, nilizisugua, chuma ya ndani ya shingo nikaikaza robo mzunguko nikaiacha usiku mzima kabla niguse tena, na rangi sikuigusa. Kichwani jina lilishabanduka kitambo, kuna matundu mawili madogo ya misumari ya ile nembo na nimeyaacha hivyo.

Nayaacha kwa sababu, juu ile ya Kibuye nilipoinama kuiangalia vizuri nilikuta jina lake la zamani limekwaruzwa na msasa halafu stika ya Gibson ikabandikwa juu yake. Hapo sasa tumetoka kwa kopi tumeingia feki, na haya maneno mawili watu wanayatumia kama ni kitu kimoja. Kopi ilifuata shepu ya mwingine lakini ilitoka kiwandani na jina lake yenyewe, Ibanez imeandikwa Ibanez, Greco imeandikwa Greco, aliyenunua alijua ananunua nini. Feki inakudanganya jina. Gitaa ya watu waliofanya kazi yao kwa jina lao ilikaa miaka karibu 50 bila uongo, halafu mtu mmoja na kipande cha msasa anaifanya feki kwa dakika kumi.

Jamaa hakuwa mbaya, aliipata hivyo akauziwa na hilo neno pamoja na gitaa yenyewe. Tulikaa chini nikamwonyesha skrubu nne, akagonga mwenyewe akasikia ile debe, tukabandua stika taratibu na maji moto na chini yake kulibaki nusu ya herufi moja. Akaniuliza sasa ataiita nini mtu akija. Nikamwambia, omera, iite kopi ya Japani ya miaka ya 70, shingo ya skrubu, volyumu zinafanya kazi, na bei uipange kulingana na hayo.