Nchi isiyokuwa na dini: mbona waumini wenyewe ndio waliitaka?

Katika semina ya Katiba tuliyoendesha Kongwa, mzee mmoja wa kanisa alisimama, Biblia kwapani, akauliza kwa uchungu: "Mwalimu, Ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini. Sisi tunaomcha Mungu tuna nafasi gani humu?" Shehe aliyekaa nyuma yake akaitikia: "Hilo hata mimi linanikera."

Swali hilo nimelisikia Bahi, nimelisikia Kondoa, na halistahili kupuuzwa. Katiba haisemi wananchi hawana dini. Isiyokuwa na dini ni dola. Fungua Ibara ya 19 na uisome taratibu: kila mtu ana uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadili dini, na shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini "zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi". Kwa maneno ya mtaani, Mkuu wa Wilaya hana ruhusa ya kukuchagulia imamu, wala ofisi ya kata haipangi mchungaji ahubiri nini Jumapili.

Wengi hudhani wazo hili lililetwa na watu wasioamini. Sivyo. Roger Williams alikuwa mchungaji, tena mwenye msimamo mkali wa imani. Mwaka 1635 watawala wa Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, walimhukumu kufukuzwa kwa sababu alipinga serikali kuwaadhibu watu kwa makosa ya ibada. Mwaka uliofuata akaanzisha makazi ya Providence. Aliandika kwamba kanisa ni bustani, na panahitajika ua wa kuitenga na nyika ya dunia. Mkulima wa Dodoma hahitaji kufafanuliwa: ukizungushia shamba la mtama miiba, si kwamba unawachukia mbuzi. Unataka mtama ukomae. Baadaye, kule Virginia, pia Amerika, wahubiri wa Kibaptisti waliofungwa jela kwa kuhubiri bila kibali wakawa mstari wa mbele kudai sheria ya uhuru wa dini, iliyopitishwa mwaka 1786.

Kwa Waislamu hoja ina mizizi yake. Qurani inasema hakuna kulazimishana katika dini (2:256). Mwanazuoni wa Sudani, Abdullahi An-Na'im, anashikilia kwamba anaihitaji dola isiyofungamana na dini ili awe Mwislamu kwa hiari na kwa kusadiki. Kila aliyefundishwa madrasa anajua uzito wa nia. Anayefunga Ramadhani kwa kumwogopa polisi, nia yake iko wapi?

Hapa kwetu mfano ni Mwalimu Nyerere. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa mara kwa mara, na Kanisa lake limeanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, hatua kabla ya kutangazwa mtakatifu. Huyohuyo ndiye aliyesisitiza kwamba Serikali haina dini, ila watu wake wanazo. Sioni mgongano hapo. Naona muumini aliyejua nchi yenye misikiti na makanisa katika mtaa mmoja itapasuka siku dola ikichagua upande.

"Mbona Bunge linaanza kwa dua?" yule mzee wa kanisa akauliza tena. Swali zuri. Dua ile humwomba Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na dunia, bila kumtaja Yesu wala Mtume Muhammad. Wapo wanaoona hata hiyo imezidi, na wana haki ya kusema. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni kwamba mbunge hapotezi kiti kwa imani yake, na chama cha siasa cha dini moja hakisajiliwi.

Tena ua huo unaotenga dini na dola una mlango. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, padri, mchungaji au shehe mwenye leseni anafungisha ndoa, na Serikali inaitambua. Mzee akatoa simu, akamwonyesha shehe picha ya cheti cha ndoa ya binti yake: saini ya mchungaji chini, Nembo ya Taifa juu. Shehe akaivuta karibu na macho. "Kumbe," akasema, "ni kilekile ninachosaini mimi."