Vimelea vya damu ya tumbili: mstari kwenye jeli hauna jina

Dhana: Kima wa msitu wa Pugu, karibu na Dar es Salaam, ndio wanaoleta malaria mjini.

Si kweli. Malaria ya Dar es Salaam husababishwa zaidi na kimelea Plasmodium falciparum, na mbu aina ya Anopheles hukitoa kwa mtu kukipeleka kwa mtu. Plasmodium knowlesi, kimelea cha makaki (tumbili wa Asia) kinachowaugulisha watu pia, ni cha Kusini Mashariki mwa Asia. Kumwua kima hakupunguzi homa ya mtu yeyote.

Dhana: PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane) ikitoa mstari kwenye jeli, tumbili ana malaria.

Kosa hili huharibu kazi nzuri kuliko yote. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR mahali pa kunakili) nyingi hulenga saitokromu b, jeni ya mitokondria, kwa sababu kila kimelea kina nakala zake nyingi na hata damu yenye vimelea vichache hutoa jibu. Tatizo ni kwamba praima hizohizo hunasa Plasmodium na pia Hepatocystis, kimelea ndugu yake. Hepatocystis imeenea sana kwa tumbili na nyani wa Afrika, na huenezwa na usubi wa jamii ya Culicoides, si mbu. Kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, vipande vyao hulingana. Kwa hiyo kipande kisafishwe, mfuatano wake usomwe, kisha ulinganishwe na mifuatano iliyomo GenBank, hazina ya wazi ya mifuatano ya DNA. Ukiona kwenye mchoro wa mfuatano vilele viwili mahali pa herufi moja ya DNA, huenda mnyama ana aina mbili. Usichague kilele kirefu ukasonga mbele. Rudia kwa praima za kila aina peke yake.

Slaidi ya damu iliyotiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa hadubini bado inasaidia hapa. Hepatocystis huzaliana kwenye ini, na katika damu huonekana gametositi (hatua ya kijinsia) tu. Ukikuta skizonti (hatua ya kujigawa) kwenye damu, tafuta kimelea kingine.

Dhana: Jibu hasi maana yake mnyama ni safi.

Piga hesabu. Umetoa DNA kwenye maikrolita 200 za damu, ukaiyeyusha katika maikrolita 100, ukatia 5 kwenye mrija: umepima maikrolita 10 tu za damu. Kimelea kimoja katika maikrolita 50 kinaweza kukupita. Tena, mabaki ya himoglobini huzuia kimeng'enya kufanya kazi. Pima pia jeni ya tumbili mwenyewe. Nayo isipotokea, kipimo kimeharibika, wala usiandike "hasi".

Dhana: Chupa yoyote ya damu inafaa.

Ya kifuniko cha kijani ina heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo pia huzuia PCR. Chukua ya zambarau, yenye EDTA, nayo huzuia damu kuganda. Karatasi chujio hufaa porini, ila unyevu wa pwani huichelewesha kukauka, na ikifungwa mbichi huota ukungu na DNA huchakaa. Ianike kivulini usiku kucha mbali na nzi, kisha kila karatasi iwe na mfuko wake wenye silika jeli.

PCR ya awamu mbili, ambayo zao la mrija wa kwanza hutiwa katika wa pili, huchafuka upesi mrija wa kwanza unapofunguliwa. Ufungulie katika chumba kingine, na weka mrija wa maji matupu kila mara. Maji yakitoa mstari, matokeo yote ya siku hiyo yatupwe.