Roma si ya Julai tu: dhana potofu kuhusu majira ya kwenda, na ukweli wake

Muulize mtu anayepanga kwenda Roma kwa mara ya kwanza, awe anakwenda hija na wanaparokia wenzake au anatalii na familia, atakutajia Juni, Julai au Agosti. Ameambiwa huo ndio wakati mzuri wa Ulaya. Ushauri huo si uongo, ila umeandikwa kwa ajili ya watu wa Uingereza, Ujerumani na Sweden, ambao hushuka kusini kutafuta jua walilolikosa kwao. Mtu wa Mwanza au Mombasa hana haja ya kulipa nauli ili akaone jua. Anachokwenda kuona ni mji wenyewe, na kalenda yake inapaswa kuanzia hapo.

“Majira ya baridi ni theluji na mateso”

Hii ndiyo dhana inayowanyima watu wengi safari nzuri. Roma haiko mbali na bahari ya Mediterania, na baridi yake si ya Berlin wala Stockholm. Januari, mwezi wa baridi kuliko yote, mchana hufika kama nyuzi 12 na usiku hushuka hadi 3 au karibu na hapo. Aliyewahi kulala Makete au Njombe mwezi Julai hatashangaa sana. Theluji ni nadra kiasi kwamba watu huitaja kwa tarehe: Februari 2012, kisha Februari 26, 2018, siku ambayo shule zilifungwa. “Theluji” inayoonekana Roma kila mwaka bila kukosa huanguka Agosti 5, ndani ya Kanisa Kuu la Bikira Maria Mkuu, ambapo petali nyeupe humwagwa kutoka darini kukumbuka mapokeo ya theluji iliyoangukia kilima cha Esquilino katikati ya joto la kiangazi.

Cha kuhofia ni mvua. Kwetu wengi huona mvua na joto vikifuatana; kule mvua huja na baridi. Julai ni mkavu kabisa, na Novemba kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi zaidi. Kwa hiyo pesa ya koti zito la manyoya ni afadhali uinunulie viatu visivyopitisha maji, maana mawe ya mitaa ya katikati ya mji huteleza yakilowa.

“Joto tumelizoea”

Nimelisikia neno hili kwa watu wa pwani hasa, na ninalielewa. Ukilinganisha namba, wastani wa mchana wa Julai Roma, kama nyuzi 31 au 32, unakaribiana na ule wa Dar es Salaam miezi yake ya joto. Lakini wastani huficha mambo. Siku za wimbi la joto kipimo hupanda kupita 35, na Julai 2023 kilivuka 40. Upepo wa bahari unaokupoza Kigamboni hauufikii Foro Romano, eneo pana la magofu lenye vivuli vichache, ambako jua linakupiga kichwani na mawe yanakurudishia joto kutoka chini. Tena nyumbani mtu mwenye akili hatembei kilomita 10 saa saba mchana. Mtalii anatembea, kwa sababu ameshalipia tiketi yenye saa maalumu. Waliokwenda na wazazi wao wazee wanajua jambo hili linavyoumiza.

Ukilazimika kwenda wakati huo, toka alfajiri, pumzika mchana, rudi jioni. Bebeni chupa: mji una chemchemi za mitaani zaidi ya 2,000 zenye maji baridi, safi na ya bure. Na kabla ya kulipia chumba, uliza wazi kama kina kiyoyozi, kwa sababu nyumba nyingi za zamani hazina.

Agosti una jambo lake la ziada. Tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, Waitaliano huiita Ferragosto, na chimbuko la jina hilo ni mapumziko aliyoyaweka Kaisari Augusto. Wenyeji wengi huondoka kwenda baharini au milimani, na mikahawa ya mitaani hufungwa wiki moja au hata tatu. Magofu na makanisa makubwa hubaki wazi, lakini mji unaoukuta ni wa wageni watupu.

“Siku ni siku, saa 12 za mwanga”

Sisi tuliokulia karibu na Ikweta hatuna sababu ya kulifikiria hili, na vitabu vya safari vya Wazungu havilielezi kwa sababu wao wamezaliwa nalo. Mwishoni mwa Juni, jua la Roma huchomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama karibu saa tatu usiku. Katikati ya Desemba huchomoza saa moja na nusu na kuzama saa kumi na dakika 40 alasiri. Tofauti ni kama saa sita.

Na si suala la mwanga tu. Saa za kufunga Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo wa Warumi, hufuata jua: majira ya joto hufungwa saa moja na robo jioni, majira ya baridi saa kumi na nusu, na mlango wa kuingilia hufungwa saa nzima kabla. Anayekwenda Desemba akipanga ratiba ya Julai atakuta geti limefungwa. Mwenda Desemba na aanze na vitu vya nje asubuhi, makanisa na makumbusho baadaye.

“Muumini aende Pasaka, au likizo ya Julai”

Pasaka Roma ni neema kubwa, sitamzuia mtu. Ila ajue anakwenda wakati ambapo dunia nzima inakwenda, vyumba ni ghali, na tarehe huhama kati ya Machi 22 na Aprili 25. Julai ndio wa kuangalia zaidi: kwa kawaida katekesi za Baba Mtakatifu za Jumatano, yaani mikutano yake na mahujaji, husimama mwezi huo. Kundi linaweza kusafiri kutoka Bukoba likose hasa lile lililowatoa nyumbani. Katika Februari au Oktoba, kwa kawaida Jumatano ni Jumatano. Na tiketi za katekesi hutolewa bure miezi yote, anayekuuzia, mkatae. Tarehe 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, Makumbusho ya Vatican hufungwa.

“Nje ya msimu kila kitu ni nafuu”

Si kila kitu. Kuanzia Krismasi hadi Tokeo la Bwana, Januari 6, bei hupanda tena. Jumapili ya kwanza ya mwezi Colosseum huingiwa bure, na foleni yake siku hiyo inaweza kukumalizia asubuhi nzima. Kama una siku chache, lipa uingie siku nyingine. Mwishoni mwa Oktoba, hali ya hewa mara nyingi ni tamu mno, lakini nyumba nyingi huruhusiwa kuwasha mitambo ya kupasha joto kuanzia Novemba 1 tu, hivyo usiku chumba kinaweza kuwa cha baridi kuliko utakavyokikuta Januari.

Mimi ningemshauri mtu wa mara ya kwanza achague kati ya katikati ya Januari na mwisho wa Februari, au nusu ya pili ya Oktoba akitaka jua kidogo. Mwenye watoto wa shule asiye na hiari na achague mwanzo wa Juni kuliko Agosti. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi ukikataliwa. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, ila linaweza kufika 45, na wanaotaka kusafiri Julai hugombania miadi ile ile. Anayelenga Februari anaweza kupeleka maombi Oktoba bila presha, na kununua tiketi ya ndege baada ya viza kutoka.